Mgongo wa Kasonde

Sehemu ya sita: Kipimajoto

Msomaji mmoja wa Ruashi alinitumia ujumbe wiki iliyopita: "Mado, ungesema mapema, hayo yote yasingekupata." Asante, ndugu yangu. Akili hiyo ninayo hata mimi sasa. Ilichelewa njiani.

Kwa aliyeingia leo, mambo yenyewe ni haya. Mimi ni Mado wa Katuba, hapa Lubumbashi, mke wa Dominique na mama yake Plamedie, na sisi wawili mimi na mume wangu asili yetu ni Kasai. Kazi yangu ni kupandisha watu kwenye nyanda za juu za Kundelungu. Ijumaa tunapanda na jeep, tunalala kwenye mahema, Jumamosi tunatembea hadi maporomokoni, Jumapili tunashuka. Watu wa mjini wananilipa ili wakatetemeke kwa baridi na kupiga picha ukingoni, na wakirudi wanasema wamepumzika.

Safari ya mwisho niliteleza mtoni, jiwe likanipasua kisigino. Kasonde, mwongoza njia wetu, mzaliwa wa huko huko juu, akanibeba mgongoni hadi ng'ambo. Hatua arobaini, labda hamsini.

Kwetu sisi mwanamke mwenye mume akiguswa mwili na mwanamume mwingine, humwambia mumewe siku hiyo hiyo, kabla hajampikia. Asiposema, mume akila chakula chake ugonjwa unaingia. Hiyo inaitwa tshibawu. Mimi nilifika nyumbani Jumapili nimechoka hoi, nikapika bukari, ule ugali wetu, na samaki wa Kasenga, nikajisemea nitaeleza kesho. Kesho yake nikasahau. Jumanne Dominique akaanguka na homa.

Niliwaacha pale, Jumatano mchana, mama mkwe wangu, Mama Laurentine, alipofunika sufuria yangu na kuniuliza: "Nani alikugusa?"

Mama Laurentine alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili. Hata akikuomba chumvi unajiona umekosa hesabu.

"Hakuna muntu, Mama," nikamjibu.

Akanionyesha simu yake. "Na huyu?"

Ilikuwa picha. Mteja wangu mmoja aliitia kwenye kundi la WhatsApp la safari, na mioyo mitatu chini yake. Mimi juu ya mgongo wa Kasonde, viatu mkononi, yeye maji yamemfika magotini, wote wawili tunacheka meno yote nje.

"Ikala chini," akasema. "Hapana ku kiti. Chini."

Nikakaa kwenye sementi, miguu nimeinyoosha mbele, kama wakaavyo wanawake wanaoungama. Jeannot, kaka mkubwa wa Dominique, muuza vipuri vya magari, akasimama mlangoni. Michée, mdogo wao, akatoka chumbani kwa mgonjwa huku anakung'uta kipimajoto.

Michée ni muuguzi. Ana diploma, ana koti jeupe, ana kalamu tatu mfukoni. Nilipomwona nilimshukuru Mungu. Nilidhani mtu wa akili ameingia.

"Trente-neuf cinq," akasema. Thelathini na tisa na nusu. "Nimepima damu, ni malaria. Ila mwili yake haisikie dawa."

"Basi tumupeleke ku lopitali!" nikasema. "Jeep iko hapa inje!"

Jeep ile ya safari nilikuwa nakodi kwa Jeannot. Akatia mkono mfukoni, nikasikia funguo zikilia mle ndani.

"Jeep haitatembea," akasema, "mupaka mudomo yako itembee kwanza."

Nikamgeukia Michée. "Weye unasoma mambo ya lopitali. Baambie!"

"Ya Mado," akasema kwa upole, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake, na upole ule ndio uliokuwa mbaya zaidi, "ni juu nimesoma njo maana ninajua. Serum ya kutundika, mu mwili ya muntu wa tshibawu inapita sawa maji mu kitunga. Nilishaona na macho yangu. Sema kwanza. Kiisha tutaenda, mbio-mbio."

Basi. Hospitali ilikuwa dakika ishirini kutoka mlangoni petu, mume wangu alikuwa anachemka nyuma ya pazia, na barabara ya kumfikisha huko ilikuwa inapita kinywani mwangu.

Nikasema. Nilisema jiwe, kisigino, mto, mgongo.

"Mikono yako ilikuwa wapi?" akauliza Mama Laurentine.

"Ku mabega yake."

"Na mikono yake?"

"Chini ya magoti yangu, Mama. Angenibeba namna gani?"

"Hakuna aliyekuuliza swali. Michée, enda kupima."

Michée akaingia ndani. Tukangoja. Nilisikia Dominique akiguna, kisha kimya. Michée akarudi, kipimajoto kakishika juu dirishani apate mwanga.

"Trente-neuf sept."

"Imepanda," akasema Jeannot.

"Imepanda," akasema Mama Laurentine. "Basi iko maneno ingine."

Mnauona mtego, wasomaji wangu? Homa ikishuka, nimesema yote. Isiposhuka, nimeficha. Walichukua malaria wakaifanya hakimu, na malaria ile ilikuwa haijatibiwa.

Nikatafuta kichwani. Nikasema kwamba tulipofika kambini Kasonde alichemsha maji akaniosha kidonda, akakifunga kwa kitambaa chake.

"Mukono yake ilifika wapi?"

"Ku kisigino."

"Haikupanda?"

"Haikupanda."

Michée akaingia, akatoka. "Trente-neuf neuf." Ilikuwa imepanda tena.

Dominique akaita kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sikuitambua. "Mado... maji..."

Nikainuka. Jeannot akanizuia kwa mguu, hakunipiga, aliuweka tu mbele yangu kama unavyomzuia kuku.

"Usimupatie kintu na mukono yako," akasema Mama Laurentine. "Unataka kumumaliza?" Akaenda mwenyewe na kikombe. Mume wangu aliendelea kuniita hata wakati anakunywa.

Nikasema habari ya kiazi. Jumamosi jioni Kasonde alichoma viazi vitamu kwenye makaa, akamega kimoja, akanipa nusu. Nilikula.

"Kiazi moja, bantu wawili," akasema Mama Laurentine, akatikisa kichwa kana kwamba sasa tunaelekea mahali.

"Tulikuwa bantu kumi na moja, Mama. Kila muntu alikula."

"Hao wengine habana bwana mugonjwa."

Arobaini nukta moja. Michée aliitamka kwa Kifaransa. Yule kijana alikuwa anampenda kaka yake, hilo sitamnyima. Machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli. Alilia, na kipimajoto mkononi, na hospitali dakika ishirini.

"Ya Mado, ninakuomba," akasema. "Atashikwa na degedege. Toa yote."

Hapo nikatoa kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata padri. Nilisema pale kwenye picha nilicheka kwa sababu nilikuwa na furaha. Nilisema huko juu, upepo unapopiga zile nyasi na huoni nyumba hata moja, hakuna mtu anayeniita Mama Plamedie ili nimfanyie kitu. Nilisema juu ya mgongo wa yule bwana nilitaka mto uwe mpana zaidi. Si kwa sababu yake. Ningekuwa nimebebwa na punda ningetaka hivyo hivyo. Nilichoka tu kutembea, miaka kumi na minne, na mtu alikuwa amenibeba.

Hilo ndilo lilikuwa ungamo langu la kweli. Nililia nilipolisema. Ningeomba msamaha kwa Dominique kwa hilo, na hadi leo ningeomba.

Mama Laurentine akapiga miayo. "Hiyo haiko kintu," akasema. "Kucheka haiue muntu. Sema ile ya hema."

"Hema gani?"

"Bantu kumi na moja, mahema ngapi?"

"Sita."

"Na weye ulilala na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako," akasema taratibu, akamtazama Jeannot. Jeannot akatazama sakafu.

Ndani tukasikia kitanda kinagonga ukuta. Kinagonga, kinagonga. Michée akakimbia. "Anatetemeka! Mama, anatetemeka mwili yote!"

"Funguo!" nikapiga kelele. "Jeannot, funguo, kwa jina la Mungu!"

"Ile ya hema," akasema Mama Laurentine. Naye alikuwa amejaa hofu, midomo imekauka. Msidhani alikuwa anafurahi. Alikuwa mama anayemwona mtoto wake anakufa, na aliyesadiki kabisa kwamba dawa iko kooni mwangu na ninaikalia kwa ukaidi.

Nikasema: "Nililala naye."

Kitanda kikaacha kugonga.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Kabla ya kula ao kiisha kula?"

"Kiisha."

"Yeye njo aliingia ao weye ulimuita?"

Nilimtazama, naye akanisaidia kama anavyomsaidia mwanafunzi aliyesimama ubaoni. "Ulimuita," akasema.

"Nilimuita."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Mado."

"Mara mbili."

Akafumba macho, akapumua. Michée akatoka chumbani, uso umelowa. Alikishika kipimajoto kama mtu anayeogopa kukisoma, akakisoma.

"Trente-neuf deux," akasema. Kisha akapiga kelele: "Inashuka! Mama, inashuka!"

Saa saba mchana ule Michée mwenyewe alikuwa amempa kaka yake vidonge viwili vya paracétamol. Nilimwona. Vilikuwa vimeanza kazi. Nilifungua kinywa nimkumbushe, halafu nikaona Jeannot ametoa funguo mfukoni, nikakifunga.

Hospitali walimtundikia maji, wakamchoma sindano. Mimi nilikaa kwenye korido siku tatu, kwa sababu mke wa tshibawu haingii hadi aitwe. Mama Laurentine alipita akanikumbatia. Tangu nilipoolewa hakuwahi kunikumbatia.

"Umemuokoa," akaniambia sikioni. "Bwanamuke ingine angemuacha afwe juu ya kuona haya. Weye uko na roho nguvu. Lakini ukisikia siku moja unataka kurudisha ile maneno, ujue ile siku njo utamuzika."

Ijumaa asubuhi Dominique alikula uji. Saa sita akaomba kuniona.

Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Nikasimama mbali na kitanda, sikujua nimeruhusiwa hadi wapi. Nilijua Mama Laurentine yuko nje ya mlango, lakini nilijua pia kwamba siku hiyo nisiposema, sitasema tena.

"Bananiambia," akasema.

"Dominique, nisikie. Ilikuwa bongo, uwongo mutupu. Alinibeba ku mugongo juu ya kuvuka maji, basi. Ile ingine niliitunga. Jeannot alikatala funguo. Ulikuwa unakufwa."

Dominique si mtu mbaya. Ni fundi wa friji na mashine za barafu, mtu wa kupima, wa kufungua kitu na kutazama ndani kabla hajasema kimeharibika. Niliona anapima.

"Ulipowasemea mugongo," akauliza, "nilipona?"

"Hapana, lakini—"

"Kiazi. Nilipona?"

"Dominique, ni dawa. Ni serum. Ni paracétamol ya Michée!"

"Dawa nilikunywa tangu Jumanne." Alisema bila hasira, na ningemshukuru kama angekasirika. "Ulisema ile ya hema, homa ikashuka ile dakika. Kama ilikuwa bongo, Mado, basi juu ya nini nimepona?"

Jibu lake, wasomaji, ninalitafuta hadi leo. Ningemwambia nini? Uhai wake ulikuwa shahidi dhidi yangu, na kila alipovuta pumzi ushahidi ulizidi.

Akageuza uso ukutani. "Na yeye atasema. Tutasikia kama atasema sawasawa na weye."

"Nani?"

"Ule guide yako. Kaka na Michée walienda kumukamata. Jana, na jeep."

Katika siku zile tatu sikujiuliza hata mara moja Jeannot na Michée wako wapi. Nilimtaja mtu kwa jina, mbele ya kaka wawili wa mume wangu, nikakaa kwenye korido kungoja uji uive.

Nilitoka mbio hadi uani. Kasonde hana simu yake peke yake. Iliyopo inakaa kwa mkewe, Bwalya, anayeuza sabuni na mafuta karibu na shule, kwa sababu pale ndipo mtandao unapofika. Mara ngapi nimempigia Bwalya simu hiyo kuuliza kama njia imekauka, kama wageni wangu watapata kuni? Ikaita mara nne.

"Allô?"

"Bwalya, niko Mado wa Lubumbashi. Kasonde iko wapi?"

"Ameenda na wageni."

"Wageni gani?"

"Wawili. Na jeep yako. Walisema wanataka kuona chute, ile maji ya kuanguka."

"Bwalya, nisikie muzuri. Hao habako wageni. Ni bashemeji yangu. Tuma muntu amukimbilie Kasonde, amuambie akimbie, apite ku pori, asikae nabo pale pembeni ya maji!"

Nilisikia upepo wa huko juu ukipiga kwenye simu.

"Bwalya?"

"Ninajua ni bashemeji yako," akasema. "Ule mwembamba, wa lopitali, alikuya kwanza hapa kwangu. Akaniambia yote. Hema, na kiisha kula, na mara mbili. Akaniambia njo weye ulimuita."

"Ni bongo! Ninaapa! Nilisema vile juu bwana yangu alikuwa anakufwa!"

"Ulikula pa nyumba yangu, dada Mado. Ile mara ya mvua ulilala ku kitanda yangu, miye nikalala chini na batoto."

"Bwalya, hakunigusa. Kisigino tu. Ninaapa mbele ya Mungu."

"Bwanamuke gani anasema bongo namna ile juu ya mwili yake mwenyewe?" akauliza Bwalya. "Kasonde alikuwa anaenda kwa ndugu yake leo. Hangekuwa hapa. Ni miye nilimuita arudie. Nilimuambia weye njo umetuma wageni."

Akakata.

Nikapiga tena, haikupokelewa. Nikapiga simu ya Jeannot, haikuingia, na ya Michée vilevile, maana maporomokoni hakuna mtandao. Nilirudi kwa Bwalya. Nilipiga nimesimama, nilipiga nimechuchumaa kando ya bomba la maji, watu wanaofua nguo za wagonjwa wananitazama. Mama Laurentine alitoka kwenye korido akanyoosha mkono kunitaka simu, nikamgeuzia mgongo kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Ilipofika saa tisa na robo ikapokelewa.

"Bwalya, ninakuomba, usikate—"

Hakuwa Bwalya. Kwanza nilisikia pumzi za mwanamume aliyetoka kupanda mlima mbio. Kisha nikaisikia sauti ya Jeannot, sauti ile ile ya kuuza vipuri, isiyo na haraka.

"Mama Plamedie, wacha kupiga. Michée iko naye kule ku chute. Miye nimerudi tu kutafuta kamba ya kumufunga, na Bwalya mwenyewe njo ananitafutia."